Mashindano ya walioalikwa: African Football League ilivyouzika kwenye video yangu, Katuba

Ninaandika kwa ajili ya wenye video wenzangu, yaani vyumba vya kuonyeshea mpira, wa Lubumbashi na Likasi, na kwa kila anayetoa franka zake akae kwenye benchi la mtu mwingine atazame mpira. Ninachopima hapa ni African Football League, ile iliyochezwa Oktoba na Novemba 2023, ambayo TP Mazembe yetu ilialikwa. Kila msimu unapoanza kuna mtu ananiuliza mlangoni kama itarudi na kama nitaionyesha. Jibu langu ni refu kuliko la kutolewa mlangoni. Tena haliwezi kukamilika bila kuigusa Super League ya Ulaya ya 2021, kwa sababu wateja wangu hawakuwahi kuzitenganisha hizo mbili.

Video yangu, hapa Katuba mjini Lubumbashi, ni chumba cha matofali chenye paa la bati, televisheni mbili, na mabenchi ya mbao ambayo marehemu mume wangu aliyapigilia misumari mwenyewe. Mlangoni kuna ubao mweusi ninakoandika mechi kwa chaki. Ndani nauza karanga na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na jioni mdogo wangu anachoma michopo, nyama ya kuchoma, uani. Kila mwezi nalipia abonema, ile ada ya dekoda, na umeme ukikatika nanunua petroli ya jenereta. Kwa hiyo mechi ikipanda ubaoni lazima ilete watu. Nina daftari: upande wa kushoto naandika mechi, upande wa kulia pesa iliyoingia. Daftari hilo limenifundisha mpira kuliko wachambuzi wote wa redioni.

Linasema hivi. Julai na mwanzoni mwa Agosti, timu kubwa za Ulaya zinapokwenda Marekani na Asia kucheza za kirafiki, naandika ubaoni majina ambayo siku nyingine yangejaza chumba, Real Madrid na Juventus, Barcelona na Manchester United. Watu wanasimama, wanasoma, wanauliza, "Ni ya nini?" Nikiwaambia ni ya kirafiki, wanaendelea na safari yao. Lakini Mei, siku ya mwisho ya ligi ya Uingereza, timu mbili za mkiani ambazo hazina shabiki hata mmoja Katuba zinanijazia watu hadi dirishani, kwa kuwa moja inashuka. Na Mazembe ikikutana na Lupopo, wapinzani wao wa mji huu huu, hata aliyefunga duka mapema hapati pa kukaa. Jina kubwa peke yake halijawahi kunilipia petroli. Watu wanalipia wasiwasi: kuna timu inaweza kupoteza kitu usiku huu, na nyingine inaweza kupata kitu ambacho asubuhi haikuwa nacho.

Shikeni hilo, ndicho kipimo changu kwa yote yanayofuata.

Jumapili usiku, tarehe 18 Aprili 2021, klabu 12 za Ulaya zilitangaza kwamba zinaanzisha mashindano yao, ndiyo Super League. Za Uingereza zilikuwa sita, Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham. Hispania ilitoa Real Madrid, Barcelona na Atlético Madrid, Italia ikatoa Juventus, Milan na Inter. Mwenyekiti alikuwa Florentino Pérez wa Real Madrid. Fedha zilisimamiwa na benki ya JP Morgan ya Marekani, na waanzilishi waliahidiwa euro bilioni 3.5 wagawane. Timu zingefika 20, na 15 kati yake zisingetoka kamwe, hata zikimaliza za mwisho. Nafasi tano tu ndizo zingeachwa kwa wanaoingia kwa jasho. Bayern, Dortmund na PSG walikataa kujiunga.

Kesho yake asubuhi alinijia fundi mmoja wa magari, kijana wa hapa hapa mtaani, Arsenal tangu utotoni. Alikuwa na furaha. Arsenal ilikuwa haijacheza Ligi ya Mabingwa tangu msimu wa 2016/17, na sasa ghafla itakutana na Madrid na Juventus kila mwaka. Akaketi, akanywa munkoyo wake, akaanza kuhesabu. Siku ile Arsenal ilikuwa ya tisa kwenye ligi yao. Leicester ilikuwa ya tatu, West Ham ilikuwa inapigania nafasi ya nne, na hawa wawili hawakualikwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Mama, kama tuko ba tisa na tunaingia, njo tunacheza ya nini?" Baadaye akaongeza, "Aba bantu banataka kuchezaka beye kwa beye." Hakuwa amesoma gazeti lolote.

Na kule Uingereza walisema hivyo hivyo, ila wao walitoka barabarani. Jumatatu usiku Leeds na Liverpool walicheza Elland Road, wakatoka 1-1, na wachezaji wa Leeds walipasha moto wamevaa fulana zinazosema kwamba nafasi hutafutwa kwa jasho na mpira ni wa mashabiki. James Milner wa Liverpool alisema mbele ya kamera kwamba jambo hilo halipendi na anatumaini halitatokea, naye ni mchezaji wa klabu iliyolianzisha. Jumanne mashabiki wa Chelsea waliziba barabara ya Stamford Bridge kabla ya mechi na Brighton. Petr Čech, kipa tuliyezoea kumwona na kofia yake kichwani, wakati huo akiwa mkubwa ofisini pale Chelsea, alishuka mwenyewe kuwaomba wapishe basi la timu. Picha hiyo niliionyesha tena na tena kwenye televisheni ya pili, na chumba kizima kilikuwa kinaitazama kuliko mechi. Usiku huo huo klabu sita za Uingereza zilianza kujitoa moja baada ya nyingine. Hata siku tatu hazikuisha. Jumatano John Henry, mwenye Liverpool, alitoa video ya kuomba radhi. Na tarehe 2 Mei mashabiki wa Manchester United waliingia uwanjani Old Trafford, mechi yao na Liverpool ikaahirishwa.

Pérez alieleza kwenye televisheni ya Hispania kwamba walitaka kuuokoa mpira, kwamba vijana hawautazami tena kama zamani. Ningependa aje akae mlangoni kwangu Jumamosi moja. Vijana ndio wanaonilipa. Wanachokimbia ni mechi isiyo na maana, na yeye alikuwa anataka kuwatengenezea nyingi zaidi za namna hiyo.

Nimekaa sana kwenye habari za Ulaya, lakini kuna sababu. Tuliwaona watu wa kule wakisimama mbele ya basi, tukawapigia makofi. Ya kwetu ilipokuja, hakuna aliyesimama mbele ya kitu chochote, na mimi nadhani ni kwa sababu ilituita sisi kwa jina.

Wengi hapa wamesahau kwamba wazo la ligi ya wakubwa wa Afrika lilinadiwa katika mji huu huu. Mazembe ilianzishwa 1939, na Novemba 2019 ilipofanya sherehe ya miaka 80, Gianni Infantino, rais wa FIFA, alikuja Lubumbashi. Hapo ndipo aliposema anataka klabu bora 20 za Afrika ziwekwe kwenye ligi moja ya bara zima, na kwamba ligi hiyo inaweza kuingiza dola milioni 200 au zaidi. Mji ulikuwa kwenye furaha. Nani angeuliza klabu ya 21 itafanya nini, wakati tuna hakika sisi tumo?

Agosti 2022, Arusha, CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikaitangaza rasmi kwa jina la Africa Super League: klabu 24, zawadi za dola milioni 100 kwa jumla, na dola milioni 11.5 kwa bingwa. Ilipofika 2023 ilikuwa imesinyaa. Jina likabadilishwa kuwa African Football League, klabu zikawa nane, na bingwa akawekewa dola milioni 4. Nane hizo ni Al Ahly ya Misri, Wydad ya Moroko, Esperance ya Tunisia, Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Simba ya Tanzania, Petro Atlético ya Angola, Enyimba ya Nigeria, na Mazembe. Nchi moja, klabu moja.

Nianze na mazuri, maana yapo na yaliniingizia pesa. Mechi ya ufunguzi, Ijumaa tarehe 20 Oktoba, Dar es Salaam, Simba 2 Al Ahly 2, ni kati ya mechi bora nilizoonyesha mwaka ule. Uwanja wote mwekundu, kelele inasikika hadi uani kwa mdogo wangu. Waliporudiana Cairo ilikuwa 1-1, na Simba ikatoka kwa bao la ugenini bila kufungwa hata mechi moja. Wateja walibishana hadi nikazima taa. Nusu fainali ya Wydad na Esperance ilifika penalti. Fainali ilikuwa ya mikondo miwili, Wydad ikashinda 2-1 Casablanca, Sundowns ikapindua kwa 2-0 Pretoria. Kama ningekuwa napima mpira wenyewe, wachezaji na miguu yao, nisingekuwa na neno. Na mtindo wa mtoano ulisaidia: hii haikuwa ligi ya watu 20 wasioshuka, ukifungwa unarudi nyumbani. Ndiyo maana iliuzika kuliko nilivyotegemea.

Sasa Mazembe.

Jumapili tarehe 22 Oktoba Mazembe ilikuwa "nyumbani" dhidi ya Esperance. Nyumbani huko ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Ukitoka hapa kwa barabara unavuka Zambia, kisha unaikata Tanzania yote hadi baharini. Kutoka kwangu hadi uwanja wa Mazembe, Kamalondo, mtu mwenye afya anatembea kwa miguu.

Chumba kilijaa. Daftari lipo, sitaficha: ile Jumapili ilikuwa ya pesa nyingi, kwa sababu watu ambao wangekwenda uwanjani walikuja kwangu. Mazembe ikashinda 1-0, watu wakaruka, benchi moja likavunjika mguu. Kwa mwenye video wa kawaida hapo hesabu imekamilika. Lakini mimi nimekulia katika mji huu na najua siku ya mechi ya Afrika inavyokuwa Kamalondo. Tangu asubuhi kuna mama wanaokaanga samaki kando ya njia ya uwanja, vijana wanauza skafu nyeusi na nyeupe, wenye pikipiki hawapumziki, watoto wamepaka nyuso chaki. Anayekosa tiketi anasimama nje ya ukuta asikilize. Jioni wale wanaorudi kwa miguu wanapita kwangu, wananunua michopo, wanasimulia bao kila mtu kwa namna yake hadi unadhani yalikuwa mabao matano. Tarehe 22 Oktoba hakukuwa na kitu hicho. Wateja walitoka kwangu, wakakuta barabara ni ya Jumapili ya kawaida, wakaenda kulala. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza karanga karibu na uwanja kama alisikia matokeo. Alisikia. Akasema, "Bo banacheza, siye tunasikia mu redio. Ni ya nani sasa?"

Mimi nilipata, yeye hakupata, na pesa yangu ya siku ile ilitoka mfukoni mwake. Sijawahi kuipenda.

Siku chache baadaye, Tunis, Esperance ikashinda 3-0, tukatoka. Mazembe ilicheza mechi mbili katika mashindano ambayo wazo lake lilinadiwa Lubumbashi, na Lubumbashi haikuona hata dakika moja kwa macho yake.

Wazee wa mabenchi ya mbele waliikumbuka Esperance nyingine. Tarehe 31 Oktoba 2010, fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, mkondo wa kwanza, uwanja wa Kibassa Maliba hapa mjini, Mazembe 5 Esperance 0. Kwa ushindi ule tulikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Tukaifunga Pachuca 1-0, tukaifunga Internacional ya Brazil 2-0, na kipa wetu Kidiaba akaruka kwa makalio uwanjani dunia nzima ikatazama. Mazembe ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ile. Fainali tulifungwa 3-0 na Inter. Inter ya Milan, mmoja wa wale 12 wa Aprili 2021! Tulikutana nao kwa kuwa wao walikuwa wameshinda Ulaya na sisi tumeshinda Afrika. Hakuna aliyetuita. Kama mwaka ule mpira wa dunia ungekuwa wa kadi za mwaliko, ni nani Milano angeandika jina la klabu ya Kamalondo kwenye bahasha?

Hilo ndilo ninalotaka mashabiki wenzangu wa Mazembe walifikirie, maana wengi wao walinikasirikia niliposema sipendi mashindano haya. "Mama, safari hii tuko ndani, unalia nini?" Nalia kwa sababu tumeingia kwa mlango ambao 2010 tusingeuhitaji, na mlango ule unafungwa kutoka ndani. Leo sisi ni wakubwa wa Kongo. Mwaka 1966 hakuna aliyejua kwamba mwaka unaofuata Englebert, kama ilivyoitwa zamani, itakuwa bingwa wa Afrika, na kwamba itarudia 1968. Ukubwa wote tulio nao tuliupata katika mashindano ambayo yeyote angeweza kuingia.

Kisha wapo watu wa Lupopo. Katuba wako wengi, na mabenchi yangu ya upande wa kulia ni yao, rangi ya njano na buluu. Wakati wa African Football League walikuja kuiombea Mazembe mabaya, kama desturi, na hilo ni haki yao. Lakini mzee mmoja wa reli, Mcheminot wa kweli, kama watu wa Lupopo wanavyoitwa, aliyestaafu, hakuwa anashangilia wala kuzomea. Aliniuliza swali moja kwa utulivu: "Mama, Lupopo ishinde mechi gani ili iingie pale?" Kwa toleo lile jibu lilikuwa fupi. Hakukuwa na mechi. Unaweza kuifunga Mazembe nje ndani, ukachukua ubingwa wa nchi, nchi moja ina kiti kimoja na kiti kina jina tayari. Vivyo hivyo kwa Vita Club ya Kinshasa. Sasa derby yetu, mechi inayonilipia nusu ya abonema, inabaki na uzito gani? Ikiwa anayeshinda haendi popote na anayefungwa tayari yuko Afrika, hiyo ni mechi ya Julai ya kirafiki iliyovaa jezi za Aprili.

Kijana mmoja mhasibu, mteja wa muda mrefu, alinipa hoja ya upande wa pili na naiheshimu. Alisema klabu zetu zinakufa kwa gharama, kuvuka Afrika kwa ndege ni pesa nyingi, na bila fedha za uhakika wachezaji wote wazuri wataondoka. Ni kweli. Mbwana Samatta alitutoka baada ya ubingwa wa 2015 akaenda Genk, na tulimsindikiza kwa fahari na kwa uchungu. Lakini tazameni hesabu: bingwa wa African Football League alipata dola milioni 4, na mwaka huo huo bingwa wa Ligi ya Mabingwa ya CAF alipata pia dola milioni 4. Kama kuna fedha za kuwapa wanane kwa mechi 14 zilizoisha chini ya mwezi mmoja, kwa nini zisiongezwe kwenye mashindano ambayo Lupopo, na klabu ya Mauritania, na ya Burundi, zinaweza kuingia? Mhasibu wangu hakuwa na jibu, ila aliniambia atalitafuta, na hadi leo ananunua kiti cha mbele.

Na kilichofuata msimu huo huo ndicho kilichomaliza ubishi wa chumbani. Sundowns walibeba kombe lao Novemba. Tarehe 2 Desemba, kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa ya kawaida, walikuja Lubumbashi, na Mazembe ikawafunga 1-0. Bingwa wa walioalikwa alikuja kwetu, kwenye majani yetu, akafungwa. Mazembe ikaendelea, ikaitoa Petro Atlético kwenye robo fainali, na tarehe 20 Aprili 2024 Al Ahly wenyewe, wakubwa kuliko wote barani, walishuka Kamalondo. Ilikuwa 0-0. Siku ile video yangu ilikuwa na watu wachache, na sikujali, kwa sababu mji wote ulikuwa umehamia upande ule. Mdogo wangu alibeba jiko lake la michopo hadi karibu na uwanja akauza nyama yote kabla ya mapumziko. Yule mama wa karanga alikuwepo. Cairo tulifungwa 3-0, tukatolewa, watu wakahuzunika kama inavyostahili.

Timu zile zile tatu, Petro, Sundowns na Al Ahly. Zilizokuwa kwenye mashindano ya heshima, ambako Mazembe haikukutana na hata moja kati yake na mechi yetu ya nyumbani ilikwenda Dar, ndizo zilizokuja hadi kwetu kupitia mashindano ya kila mtu.

Kuna mteja atasema mahakama ya Ulaya iliwapa haki wale wa Super League. Desemba 2023 walikuja na habari hiyo mbio. Mahakama ilisema tarehe 21 Desemba kwamba kanuni za UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, na FIFA za kulazimisha watu waombe ruhusa kwanza zilivunja sheria ya ushindani ya Umoja wa Ulaya. Haikusema kwamba mashindano yale lazima yakubaliwe. Nayo UEFA si watakatifu machoni pangu: tangu msimu wa 2024/25 Ligi ya Mabingwa yao ina timu 36, na tarehe 29 Januari 2025 walinirushia mechi 18 kwa wakati mmoja, saa nne usiku kwetu, nami nina televisheni mbili. Wateja waligombania rimoti. Lakini Brest na Aston Villa walikuwemo, wameingia kwa kucheza, na chumba kilijaa.

Kwa wenye video wenzangu, basi. Mwaka 2024 ulipita bila toleo la pili la African Football League. Ikirudi, iwekeni ubaoni, mpira wake ni mzuri na mtoano unauzika, hasa Simba ikiwemo, maana Waswahili wote wanaipenda. Bei iwe ya kawaida, msipandishe kwa ajili ya jina. Msilipie kifurushi cha ziada kabla ya kuona mechi za Mazembe zitachezwa wapi. Michopo na munkoyo pangeni vichache, kwa kuwa watu watatoka mapema.

Kwa wanaoyaandaa, kama kuna anayesoma Kiswahili: wekeni nafasi kwa mabingwa wa nchi, hata kama ni klabu ambayo hamjawahi kuisikia. Yule mzee wa reli apewe mechi ambayo Lupopo ikiishinda inaingia. Na Mazembe ikiwa nyumbani, iwe Kamalondo. Hata kama siku hiyo mimi nitauza viti nusu.